Sementi ya Mzizi wa Jino: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Sementi ya jino ni nini hasa?

Ni tabaka jembamba la tishu ngumu linalofunika mzizi wote wa jino, kuanzia shingoni, pale enameli (gamba jeupe na gumu la nje la taji) inapoishia, hadi kwenye ncha ya mzizi. Wengi wetu tulipochora jino shuleni tulitilia mkazo enameli, dentini (tishu ngumu iliyo chini ya enameli na sementi) na kiini, na sementi tukaipitisha haraka pembeni mwa mzizi kana kwamba ni ukingo wa mchoro tu. Ukweli ni kwamba bila tabaka hilo jino halina pa kushikiwa, kwa sababu nyuzi zote zinazolifunga jino kwenye taya zina ncha mbili, moja ndani ya mfupa na nyingine ndani ya sementi.

Ukilitazama jino lililong'olewa karibuni, likiwa limeoshwa na kuwekwa mahali penye mwanga, utaona taji jeupe linalong'aa, kisha mstari mwembamba uliojipinda shingoni, kisha mzizi wa manjano hafifu usio na mng'ao wowote. Hiyo manjano iliyofifia ndiyo sementi. Vijinyama laini vilivyogandamana nayo, hasa kuelekea ncha, ni mabaki ya nyuzi zilizokuwa zimelishika jino. Zimekatika wakati wa kung'oa, lakini upande wake uliozama ndani ya sementi umebaki palepale.

Maelezo ya kwanza ya tishu hii kwa njia ya darubini yalitolewa mwaka 1835 na Fränkel na Raschkow, wanafunzi wa mwanasayansi Jan Purkinje katika mji wa Breslau, ambao leo ni Wrocław nchini Poland. Mwaka uliofuata Anders Retzius wa Uswidi naye akaieleza.

Ina unene gani, na je, unene huo ni sawa kila mahali?

Si sawa hata kidogo. Karibu na shingo ya jino sementi ina unene wa mikromita 20 hadi 50, yaani haizidi sehemu moja ya 20 ya milimita. Kwenye ncha ya mzizi, na pale mizizi ya magego inapoachana, hufikia mikromita 150 hadi 200, na kwa watu wenye umri mkubwa huweza kuzidi hapo. Tofauti hii ina maana kubwa katika tiba, kwa sababu sehemu iliyo nyembamba kuliko zote ndiyo iliyo karibu zaidi na ukingo wa ufizi, ambako ndiko mswaki, ukoga na vifaa vya daktari hufika kwanza.

Mkutano wake na enameli nao haufanani katika kila jino. Takriban asilimia 60 ya wakati sementi hupanda kidogo juu ya ukingo wa enameli. Takriban asilimia 30 hukutana nayo ukingo kwa ukingo. Na katika sehemu iliyobaki, ambayo ni kama asilimia 10, hazikutani kabisa, na dentini huachwa wazi katikati. Jino moja linaweza kuwa na hali zote tatu katika pande zake mbalimbali. Hii ni sababu mojawapo inayowafanya baadhi ya watu wahisi ganzi kali mara tu ufizi unaposhuka kidogo, ilhali wengine hawahisi chochote.

Imetengenezwa kwa nini, na ugumu wake ukoje?

Kwa uzito, madini ni asilimia 45 hadi 50 ya sementi, nayo ni fuwele za kalsiamu na fosfeti za aina ileile inayopatikana katika mfupa. Sehemu iliyobaki ni maji na vitu vya asili ya uhai, hasa nyuzi za kolajeni, protini inayozipa tishu za mwili uimara. Linganisha na enameli, ambayo madini yake ni takriban asilimia 96, dentini yenye takriban asilimia 70, na mfupa wenye takriban asilimia 65. Kwa hiyo sementi ndiyo laini kuliko tishu zote ngumu za jino.

Haina mishipa ya damu wala mishipa ya fahamu. Seli zake hupata chakula kutoka kwenye ligamenti inayouzunguka mzizi, yaani lile tabaka la nyuzi, seli na mishipa lililo kati ya jino na mfupa, lenye upana wa takriban robo ya milimita.

Jino linashikwaje na sementi? Je, limegundishwa kwenye mfupa?

Hapana, na ni muhimu jambo hili lieleweke vizuri. Mzizi haugusani na mfupa wa taya. Unaning'inia ndani ya tundu lake kwa maelfu ya nyuzi za kolajeni zilizokazwa kutoka upande mmoja hadi mwingine, jinsi kamba za kitanda cha kamba zinavyokazwa kati ya mbao, na uzito wa kutafuna hugawanywa kwenye nyuzi hizo zote badala ya kugonga mfupa moja kwa moja.

Ncha za nyuzi zinazozama ndani ya sementi na ndani ya mfupa huitwa nyuzi za Sharpey, kwa jina la William Sharpey, mwanaanatomia wa Uskoti wa karne ya 19. Kipande cha mzizi kilichokatwa chembamba na kuwekwa chini ya darubini huonyesha mistari myembamba iliyosongamana, ikiingia katika sementi karibu kwa pembe mraba, kila mmoja ukiwa umezungukwa na madini yaliyoukaza. Nyuzi hizo hazikuchomekwa baada ya sementi kuwa ngumu. Zilikuwapo kwanza, kisha sementi ikawekwa kuzizunguka, tabaka baada ya tabaka, hadi zikanaswa. Ndiyo maana mshiko huu ni imara kiasi hicho, na ndiyo maana pia ni vigumu sana kuutengeneza upya ukishapotea.

Kuna aina ngapi za sementi?

Kwa matumizi ya kawaida tunaweza kuzungumzia mbili. Ya kwanza ni sementi isiyo na seli ndani yake, ambayo hufunika theluthi ya juu na ya kati ya mzizi, hujengwa polepole sana, na hujaa nyuzi za Sharpey. Hii ndiyo inayofanya kazi kubwa ya kulishika jino. Ya pili ni sementi yenye seli, ambayo hupatikana zaidi kwenye theluthi ya chini na kwenye njia panda ya mizizi ya magego. Hujengwa kwa haraka zaidi, hivyo baadhi ya seli zinazoijenga hunaswa ndani yake na kubaki katika vijishimo vidogo, zikinyoosha mikono yao kuelekea upande wa ligamenti, unakotoka chakula. Kazi yake kuu ni kurekebisha na kuziba. Wataalamu huzigawanya zaidi kwa kuangalia asili ya nyuzi, lakini kwa msomaji asiye mwanafunzi wa meno mgawanyo huo hauongezi mengi.

Inaanza kujengwa lini?

Baada ya dentini ya mzizi kuanza kuundwa. Mzizi unapokua, hufunikwa kwa muda na ala nyembamba ya seli inayoitwa ala ya Hertwig. Ala hiyo inapokatikakatika, seli za kifuko kinachozunguka jino linalokua huifikia dentini mpya, hugeuka kuwa seli za kujenga sementi, na huanza kazi. Mabaki ya ala hiyo hubaki katika ligamenti maisha yote yakiitwa masalia ya Malassez, na baadhi ya uvimbe wenye maji unaotokea kwenye ncha za mizizi ya meno yaliyokufa hutokana na masalia hayo.

Je, sementi huendelea kukua baada ya utu uzima?

Ndiyo. Mfupa huvunjwa na kujengwa upya kila mara, lakini sementi katika hali ya kawaida huongezwa tu juu ya ile ya zamani. Kati ya umri wa miaka 10 na 70 unene wake huweza kuongezeka hadi mara tatu, na ongezeko kubwa huwa kwenye ncha ya mzizi. Sehemu ya ongezeko hilo ina kazi maalumu: meno yanapolika juu kwa miaka mingi ya kutafuna, sementi inayoongezwa chini husaidia kulisogeza jino ili liendelee kukutana na mwenzake wa taya la pili.

Wakati mwingine ongezeko hupita kiasi na mzizi hunenepa kama rungu. Hali hiyo huweza kutokea bila sababu inayojulikana, huweza kufuatia uvimbe wa muda mrefu kwenye ncha ya jino, na wakati mwingine huambatana na ugonjwa wa mifupa wa Paget. Haina haja ya tiba yenyewe, ila daktari anayetaka kung'oa jino la namna hiyo anapaswa kuliona kwanza katika picha ya eksirei, kwa sababu mzizi mnene hauwezi kupita katika tundu jembamba bila kupasua mfupa au kuhitaji jino likatwe vipande.

Kwa nini vyuma vya kunyoosha meno huweza kulisogeza jino bila kula mzizi?

Kwa sababu sementi huhimili kumeng'enywa kuliko mfupa. Jino linaposukumwa kwa nguvu ndogo na ya kudumu, mfupa ulio mbele yake humeng'enywa na mfupa mpya hujengwa nyuma yake, na mzizi wenyewe hubaki karibu kama ulivyokuwa. Vijishimo vidogo kwenye sementi hutokea mara kwa mara, lakini vingi huzibwa na sementi mpya yenye seli. Nguvu ikizidi, hata hivyo, mmomonyoko hupenya hadi dentini na mizizi hufupika, tena kwa kudumu. Nawasihi wazazi wasikubali kazi ya kukaza vyuma ifanywe na mtu asiye na mafunzo, au mipira na nyaya zinazouzwa mitandaoni kwa ajili ya kuziba mwanya wa meno, kwa sababu mpira unaoteleza chini ya ufizi huweza kulifungua jino kutoka kwenye nyuzi zake zote.

Ufizi wangu umeshuka na mzizi unaonekana. Nini kitatokea kwa sementi yake?

Sementi iliyo wazi kinywani haidumu. Ni nyembamba mno mahali hapo, na mswaki mgumu unaosuguliwa kwa nguvu kutoka kushoto kwenda kulia huweza kuimaliza na kufikia dentini, ambayo ina vijitundu vinavyopeleka hisia za baridi, joto na utamu hadi kwenye kiini cha jino. Mkaa wa kusaga, majivu na mchanga ni vibaya zaidi, hata kama meno yanaonekana meupe siku ya kwanza. Msuaki wa mti ni kifaa kizuri ukitafunwa hadi ncha yake ilainike na ukatumiwa kwa mwendo mfupi kutoka kwenye ufizi kuelekea ncha ya jino. Ukitumiwa mkavu kwa kusugua shingo za meno, huacha mifereji.

Hatari ya pili ni kuoza. Enameli huanza kupoteza madini pH ya kinywa (kipimo ambacho hushuka kadiri asidi inavyoongezeka) inaposhuka chini ya takriban 5.5, lakini uso wa mzizi huanza kuyapoteza mapema zaidi, katika pH ya 6 na zaidi kidogo. Maana yake ni kwamba chai yenye sukari inayonywewa kidogo kidogo asubuhi nzima, ambayo enameli ingeweza kuivumilia, huweza kuuozesha mzizi. Wazee, na watu ambao mate yao yamepungua kwa sababu ya dawa wanazotumia au mionzi ya kutibu saratani ya kichwa na shingo, wako katika hatari kubwa. Dawa ya meno yenye floraidi kila siku, mswaki laini, na kupunguza idadi ya nyakati za kula vitu vitamu ndiyo kinga yenye nguvu zaidi.

Maji yenye floraidi nyingi, kama ya baadhi ya maeneo ya Arusha na Kilimanjaro, huharibu sementi?

Rangi ya kahawia tunayoiona kwenye meno ya watu waliokulia maeneo hayo iko kwenye enameli, na ilitokana na floraidi iliyoingia mwilini wakati taji la jino likiundwa utotoni. Sementi nayo hukusanya floraidi, tena kwa kiwango kikubwa kuliko tishu nyingine ngumu za jino, hasa katika tabaka zake za nje, na huendelea kuikusanya kadiri umri unavyosonga. Lakini kahawia ya taji si dalili kwamba mzizi umelegea, na jino la namna hiyo halipaswi kung'olewa kwa sababu ya rangi yake.

Ugonjwa wa fizi huifanya nini sementi?

Ukoga usiposafishwa hugeuka ugaga, yaani uchafu uliogandamana ukawa mgumu, na ugaga ukishuka chini ya ufizi hushikamana na sementi, hata kuingia katika vijishimo vyake vidogo. Kinga ya mwili inapopambana na bakteria walio hapo, nyuzi huyeyuka, mfupa hushuka, na sementi iliyokuwa imejaa nyuzi hai huachwa tupu ndani ya mfuko wa usaha. Jino huanza kutikisika bila kuuma, na hapo ndipo wengi hupotea: kwa kuwa hakuna maumivu, mtu husubiri hadi jino lenyewe linapoinuka.

Nimesikia kwamba kukwangua ugaga hulegeza meno. Je, ni kweli?

Si kweli, ingawa naelewa hofu hiyo inakotoka. Ugaga mwingi uliojengeka kati ya meno huweza kuyashikanisha, na unapoondolewa mgonjwa huhisi jino likicheza. Kilichofichuliwa ni ulegevu uliokuwapo tayari. Baada ya uvimbe wa ufizi kupungua, meno mengi hukaza kiasi.

Lipo, hata hivyo, suala la kiasi cha kukwangua. Zamani madaktari waliamini kwamba sumu za bakteria huzama ndani ya sementi, hivyo waliikwangua hadi mzizi ukawa mgumu na wa kuteleza kama kioo. Tafiti za miaka ya 1980 zilionyesha kwamba sumu hizo hushikilia juujuu tu, na kwamba matokeo ni mazuri vilevile sementi inapoachwa mahali pake. Kwa maoni yangu hili ni miongoni mwa mabadiliko mema zaidi katika tiba ya fizi, kwa kuwa kila kilichokwanguliwa bila sababu kilikuwa tishu ambayo mwili huirudisha kwa shida mno.

Sementi iliyopotea inaweza kurudishwa?

Kwa kiasi, na katika mazingira maalumu. Ufizi hupona haraka kuliko ligamenti, hivyo baada ya tiba ngozi yake huteremka na kuufunika mzizi kabla seli za kujenga sementi hazijafika. Katika miaka ya 1980 watafiti wa Gothenburg nchini Uswidi walionyesha kwamba utando ukiwekwa kati ya ufizi na mzizi, seli za ligamenti hupata nafasi ya kutangulia na kujenga sementi mpya yenye nyuzi. Baadaye zikaja jeli zenye protini za enameli changa zinazopakwa juu ya mzizi. Njia zote mbili hufaa zaidi katika mashimo ya mfupa yaliyo marefu na membamba, kwa mgonjwa asiyevuta sigara na anayesafisha meno yake vizuri. Ni tiba za gharama, na hakuna inayofikia ubora wa kuzuia ugonjwa mapema.

Jino la mtoto limeng'oka zima kwa kuanguka. Nifanye nini?

Ikiwa ni jino la utoto, usilirudishe, kwani unaweza kuliumiza lile la kudumu linaloota chini yake. Ikiwa ni la kudumu, kila dakika ina thamani. Lishike kwenye taji, usiguse mzizi kabisa. Likiwa na uchafu, lisuuze kwa sekunde chache kwa maziwa, au kwa maji safi yanayotiririka kama maziwa hayapo, bila kusugua wala kutumia sabuni, kisha lirudishe katika tundu lake likiangalia upande sahihi na mwambie mtoto aume kitambaa safi mnapokwenda kwa daktari. Ukishindwa kulirudisha, litie ndani ya maziwa.

Sababu ya haraka yote hiyo iko juu ya sementi. Seli za ligamenti zilizobaki zimeshikamana na mzizi hufa zinapokauka, na baada ya takriban saa moja ya kukaa jino pakavu huhesabiwa kuwa zimekufa karibu zote. Jino likirudishwa katika hali hiyo, mfupa huigusa sementi, hugandamana nayo, na pole pole huula mzizi wote. Watu wa pwani huuliza kuhusu maji ya dafu. Yamechunguzwa katika maabara na baadhi ya majaribio yalitoa matokeo ya kutia moyo, lakini yana asidi, na mengine hayakuyaunga mkono. Maziwa yanabaki kuwa chaguo bora la nyumbani.

Mtoto wangu amepoteza meno ya mbele kabla ya miaka 4, na yametoka na mizizi yake mizima. Ni kawaida?

Si kawaida. Jino la utoto linalotoka kwa wakati wake huwa halina mzizi, kwani mzizi umeshamomonyolewa na jino la kudumu. Likitoka na mzizi mrefu bila kuumia, daktari anapaswa kufikiria, pamoja na mambo mengine, ugonjwa wa kurithi uitwao haipofosfatasia, ambao huzuia sementi isiyo na seli kujengwa sawasawa. Jino huwa zima, mfupa upo, lakini nyuzi hazikupata pa kuzama. Kipimo cha damu cha kimeng'enya cha fosfatasi ya alkali, kikisomwa kwa viwango vya umri wa mtoto, husaidia kuugundua, na ni vizuri meno hayo yaletwe hospitalini badala ya kutupwa.

Picha ya eksirei imeonyesha madoa kwenye ncha za meno yangu ya chini, lakini hayaumi. Je, yang'olewe?

Usikubali haraka. Kuna hali ambayo mfupa wa kawaida kwenye ncha za mizizi hubadilishwa na tishu ya nyuzi, na baadaye na madini yanayofanana na sementi. Hutokea zaidi kwa wanawake wa umri wa kati wenye asili ya Afrika, na mahali pake pa kawaida ni meno ya mbele ya taya la chini. Mwanzoni picha huonyesha madoa meusi yanayofanana kabisa na jipu la jino lililokufa, na baadaye madoa hayo hujaa weupe katikati. Meno yenyewe ni hai. Daktari anapaswa kuyapima kwa baridi kabla ya kuamua lolote. Yakiitikia vizuri, hayahitaji kutibiwa mizizi wala kung'olewa, na inatosha kuyafuatilia kwa picha.

Je, meno ya kupandikiza yana sementi?

Hayana. Skrubu ya titani hushikamana na mfupa moja kwa moja, kama alivyoonyesha mtafiti wa Uswidi Per-Ingvar Brånemark, ambaye alimtibu mgonjwa wake wa kwanza mwaka 1965. Kwa kukosa sementi na ligamenti, kipandikizi hakina mtikisiko mdogo wa jino la asili, hakisogei kwa vyuma, na hakitoi hisia ileile ya uzito wa kutafuna. Hufaa sana pale jino limeshapotea. Hakifai kuwa sababu ya kung'oa jino linaloweza kutibika.

Wanyama nao wana sementi?

Wanyama wote wanaonyonyesha ambao meno yao yamo katika matundu ya taya wanayo, na wengine wanayo hadi juu ya taji. Gego la tembo limeundwa kwa sahani nyingi za enameli na dentini zilizounganishwa kwa sementi, na tabaka la nje la pembe yake pia ni sementi. Ng'ombe na farasi wana sementi kwenye mikunjo ya magego, na kwa kuwa tishu hizo tatu hulika kwa kasi tofauti, uso wa jino hubaki na makali ya kusaga nyasi.

Watafiti wa wanyamapori hutumia mistari ya ukuaji iliyomo katika sementi ya mzizi kukadiria umri wa mnyama aliyekufa, kwani ukuaji hupungua katika msimu mgumu na kuacha mstari mweusi zaidi. Karibu na ikweta, mahali penye masika na vuli, mistari miwili huweza kuwekwa kwa mwaka mmoja, hivyo anayehesabu hulazimika kujua kwanza majira ya mahali mnyama alipoishi. Njia hiyo hiyo hutumiwa kwa mabaki ya binadamu katika uchunguzi wa kisheria, ambako mistari iliyohesabiwa hujumlishwa na umri ambao jino husika huota.